Yiwu mara ya kwanza: nilifuata vibanio, nusura ninunue hewa

Miaka sita nauza vibanio vya nywele, hereni na mabendi Kariakoo, mzigo nachukua kwa wenye makontena. Machi nikasema basi, na mimi nikaone wanakochota. Wengi hukimbilia Guangzhou kule China, ila kwa vitu vidogo vidogo kila niliyemuuliza alinitajia Yiwu, mkoa wa Zhejiang. Nikapitia Addis Ababa hadi Shanghai, halafu treni ya kasi kutoka kituo cha Hongqiao, chini ya saa mbili. Tiketi ya karatasi sikupewa. Pasipoti ndiyo tiketi.

Nilitegemea kelele, mikokoteni na kukanyagana. Hakuna. Soko la Yiwu ni majengo makubwa yaliyopewa namba, maduka zaidi ya 70,000, na ndani kimya kama benki. Kila fremu ni ndogo na imejaa sampuli tu. Ukipenda kitu huondoki nacho: unaandikiwa oda kwenye kitabu cha nakala, unaacha malipo ya awali, mzigo unapelekwa stoo ya wakala wako siku kadhaa baadaye. Siku ya kwanza nilizunguka ghorofa moja tu ya jengo namba moja na sikuimaliza. Nilivaa viatu vya kisigino, eti niheshimike. Jioni nilirudi hotelini pekupeku.

Sasa bei. Nilikwenda na mdomo wangu wa Kariakoo. Kwenye duka la vibanio nikamkuta mama mmoja anakula wali, mjukuu wake anafanya kazi za shule juu ya katoni. Akaandika kwenye kalkuleta: 1.8. Nikafuta, nikaandika 1. Hakukasirika, hakucheka, hakuniita nirudi. Aliendelea kula. Nikabaki nimesimama kama mdaiwa.

Mkalimani niliyekuwa naye ndiye aliyenielewesha. Ukichukua katoni moja ni yuani 1.8 kwa kibanio, tano 1.6, kumi 1.5. Yule mama akaweka bakuli chini, akatoa vibanio viwili vya rangi moja, akanibana navyo kidole, kimoja baada ya kingine. Cha kwanza kilinifinya nikashtuka. Cha pili kilinigusa tu. "Hicho ndicho cha yuani 1," mkalimani akasema. Kwa macho huwezi kuvitofautisha. Nikakumbuka wateja wangu wote walionirudishia vibanio vilivyolegea ndani ya wiki, na mimi nikiwaambia nywele zao ni nzito.

Lakini kilichonifungua macho zaidi ni katoni. Mzigo mwepesi kama huu, meli inakutoza kwa ukubwa, ile CBM, yaani mita ya ujazo, wala si kwa kilo. Katoni yake ilikuwa sentimita 60 kwa 45 kwa 40, maana yake CBM moja inabeba katoni tisa. Ndani vilikaa vibanio 240, kila kimoja kwenye kijiboksi chake chenye dirisha la nailoni. Mimi vile viboksi navitupa siku ile ile mzigo ukifika! Nikaomba avitoe, afunge dazeni dazeni kwenye mifuko. Vikaingia vibanio 480 katoni ile ile, na bei akapunguza kidogo kwa sababu boksi nalo lina gharama. Kutoka vibanio 2,160 kwa CBM hadi 4,320. Hapo ndipo niliona ubishi wangu wa asubuhi juu ya senti ulivyokuwa wa kitoto.

Huyo mkalimani lakini, hapana. Nilimlipa kwa siku, akili anayo, ila kuna maduka alikuwa akinivuta kwa nguvu. Siku ya tatu nikaingia peke yangu kwenye duka moja tulilokwenda naye, nikaonyesha kalkuleta na hereni zile zile. Bei ikashuka. Kumbe dukani analipwa mara ya pili, na anayelipa ni mimi. Ukimhitaji, mtumie siku ya kwanza kujifunza njia, kisha oda kubwa ziulizie mwenyewe. Namba zinaeleweka bila Kichina.

Ya kujiandaa nayo: unganisha kadi yako ya Visa na Alipay, programu ya simu ya kulipia, kabla hujaondoka. Mpaka muuza viazi vitamu vya kuchoma barabarani anataka uskani. WhatsApp haifunguki kwenye waifai ya hoteli, ila laini yangu ya nyumbani iliyowashwa roming ilifungua. Ghali, lakini niliweza kumtumia picha msichana wangu wa dukani. Chakula usiogope: waagizaji Waarabu ni wengi pale, hivyo nyama choma na mikate ya tanuri vipo, na halali. Tarehe angalia usiangukie mwaka mpya wao, Januari au Februari, kwani soko hufungwa siku nyingi.

Soko naliwekea nyota nne. Ya tano imekwenda na saa kumi na moja jioni. Ikifika tu, milango ya chuma inashuka pande zote, na mimi nilikuwa nimechuchumaa nahesabu hereni, nusu ya oda haijaandikwa. Mwenye duka akanionyesha saa yake, akachukua mkoba, akaondoka.