Shahada ya uhandisi wa migodi: nyota tatu kati ya tano

Nimesoma miaka minne katika chuo kimoja hapa Tanzania. Somo la ulipuaji lilifundishwa vizuri mno. Mpaka leo nakokotoa kiasi cha baruti kwa kila shimo bila kufungua daftari, na mwalimu yule namshukuru sana. Ila mtaala umeganda kwenye mgodi wa wazi, wakati Geita, ulioanza hivyo mwaka 2000, sasa unachimba pia chini ya ardhi. Uingizaji hewa mgodini tulipewa wiki mbili tu! Programu ya kusanifu mgodi niliiona mara ya kwanza nilipokwenda fildi. Grafiti ya Mahenge, nikeli ya Kabanga, hata wachimbaji wadogo: hawakutajwa kabisa. Wanaopitia mtaala upya, tafadhali anzeni na hewa.