Premio au Bluebird Sylphy, na mfukoni una milioni kumi na moja

Wakuu ngoja niandike hii kitu maana kila nikikutana na watu ni swali lile lile, we ulinunuaje Nissan Bluebird Sylphy wakati Toyota Premio zimejaa mjini. Hata shemeji yangu siku ya kwanza kuiona aliizunguka mara mbili kimya kimya, akapiga teke tairi (sijui kwanini watu wanapiga teke tairi), halafu akasema "nzuri, ila ungeongeza kidogo tu". Hiyo kidogo tu ndo nataka tuiongelee.

Premio ninayosema ni ile iliyoanza kutoka Juni 2007, sio ile ya kwanza ya macho ya kusinzia. Sylphy ni ile ya G11 (ndo kodi ya toleo lake) iliyoanza mwisho wa 2005. Nilizokuwa naziangalia zote ni za 2008, zote cc 1,500, zote zimeshatumika hapa hapa Bongo na zina namba za usajili za herufi D. Kuagiza nilikufikiria nikaachana nako siku hiyo hiyo, gari ikishapita miaka kumi TRA (mamlaka ya mapato) wanakubandika asilimia 30 ya uchakavu, na bado hujagusa ushuru wa forodha 25 na VAT 18 na vidogo vidogo vingine, ukimaliza kucheza na kikokotoo chao unajikuta ushuru umeipita bei ya gari yenyewe. Na msidanganyike kwamba ushuru wa injini utawatofautisha, kuanzia cc 1,000 mpaka 2,000 ni kundi moja, kwahiyo hata ukichukua 1.8 asilimia ni ile ile.

Basi dalali akanipeleka yadi moja Kinondoni, Premio ya silva, safi, wanataka milioni kumi na saba na nusu maongezi yapo. Maongezi yenyewe yaliishia kumi na saba kamili na uso wa muuzaji umekunjamana. Kesho yake nikaenda kuona Sylphy kwa mtu binafsi Tabata, mzee mmoja mstaafu, anataka milioni kumi na laki nane, tukakunywa chai tukamalizana kwa kumi na laki tatu. Tofauti milioni sita na laki saba. Kidogo tu, shemeji.

Sasa kilichoniuma ni kwamba ukiziweka hizi gari pembeni kwa pembeni hiyo tofauti huioni iko wapi. Upana zote milimita 1,695. Tairi la mbele mpaka la nyuma zote 2,700. Hiyo sio bahati mbaya, kule Japani gari ikizidi upana wa 1,700 inahama kundi la usajili inaenda la juu, kwahiyo wote wawili walichora gari mpaka ukingoni wakaishia hapo hapo. Nguvu ya injini nayo Sylphy ni farasi 109 na Premio ni 110 hivi, yaani wanatofautiana farasi mmoja na huyo farasi mwenyewe kwa umri huu alishakufa zamani. Injini zote mbili ni za cheni, hakuna stori za mkanda wa taimingi.

Tofauti inaanza ukikaa ndani. Premio imetulia bana, sitadanganya. Ukifunga mlango unasikia ule mlio wa kushiba, kuna mbao ya uongo kwenye dashibodi ambayo mimi naiona ya kizee ila mama watoto aliipenda, siti ya nyuma inalala kidogo ukitaka kusinzia, na gia ni CVT (otomatiki isiyo na hatua za gia) kwahiyo inateleza tu husikii inabadilisha. Sylphy ya 1.5 ina otomatiki ya kawaida ya gia nne (ya 2.0 ndo ina CVT) na ukiwa unapandisha Kimara pale na abiria wanne unaisikia kabisa inashuka gia inalia kama imetukanwa. Barabara kuu ukifika mia na kumi injini inaongea, inabidi upandishe redio. Hilo kama linakukera usiinunue, halitabadilika.

Ila nyuma. Aisee ile siti ya nyuma ya Sylphy. Mama yangu goti linamsumbua, kwenye Premio alikaa vizuri tu akasema sawa, kwenye Sylphy akanyoosha mguu akauliza "hii ni teksi ya wapi?", maana kwake teksi ndo kipimo cha nafasi. Kwa kipimo cha tepu hazipishani sana huenda, ila walivyopanga siti kule nyuma ni kama mwenye gari ndo anategemewa kukaa huko na sio mbele. Buti nalo limemeza gunia la mchele, masanduku mawili na ndoo za kutoka shamba bila kelele.

Tuje kwenye spea, hapa ndo watu wananitisha kila siku, "Nissan spea utalia". Nikaenda Gerezani kwenye maduka ya spea mwenyewe kabla sijanunua, nikazunguka na karatasi. Ni kweli Premio unatamka tu injini 1NZ na kijana anarusha kitu juu ya meza kabla hujamaliza sentensi, maana hiyo injini iko kwenye IST, Vitz, Ractis, Probox, Spacio, nusu ya Dar inatembea nayo. Lakini injini ya Sylphy ni HR15, na HR15 ndo hiyo hiyo iko kwenye Tiida, Note na Wingroad. Kwahiyo usiende dukani ukasema nataka plagi za Sylphy, atakuangalia kama umetoka mwezini halafu akutajie bei ya mwezini. Sema Tiida. Mimi nimebadilisha plagi, koili moja, filta na stabilaiza linki kwa kusema Tiida na maisha yakaenda. Kinachosumbua kweli ni vya bodi, taa ya mbele, bampa, kioo cha pembeni, hivyo vya Sylphy unaweza ukazunguka siku nzima upate cha upande mmoja tu. Mimi bodaboda alinivunjia kioo cha kushoto mwezi wa tatu, nikakaa wiki mbili na kioo kimefungwa gundi ya nailoni nikionekana mshamba mjini, mpaka kikapatikana cha gari iliyokatwa. Premio hicho kitu kinaisha mchana mmoja.

Na Premio nayo wanaoisifia hawasemi habari ya CVT. Ile gia inataka oili yake ya CVT, sio oili ya gia ya kawaida, na gari iliyopita mikononi mwa watu watatu hujui nani alimwaga nini. Ile ya yadi nilipoipeleka mzunguko fundi wangu akaniambia "bosi sikia hiyo", unakanyaga kutoka taa nyekundu inasita kama inafikiria kwanza halafu ndo inaondoka na mtikisiko. Muuzaji akasema ni kwasababu imekaa muda mrefu. Labda. Na ukikuta mtu anakuuzia Premio ya toleo la kwanza ya cc 2,000 kwa bei ya kutupa, angalia kwenye kava ya injini kama imeandikwa D4 (injini inayopuliza petroli moja kwa moja kwenye silinda, ni pasua kichwa kuitengeneza), ukiiona mpe mkono mwambie asante.

Mafuta. Mjini na foleni yetu Sylphy inanipa kilometa kumi kwa lita, nikijitahidi kumi na moja. Rafiki yangu ana Premio kama ile anapata kumi na mbili. Mimi natembea kama kilometa 1,200 kwa mwezi, kwahiyo mimi lita 120 yeye lita 100, tofauti lita 20, lita ikizunguka elfu tatu hiyo ni elfu sitini kwa mwezi, laki saba na ishirini kwa mwaka. Kuifuta ile tofauti ya milioni sita na laki saba kwa mafuta peke yake unahitaji miaka tisa na zaidi. Hapo nilijiona nimeshinda kesi.

Sasa ngoja niwe mkweli maana kuna jamaa wa benki nilimpigia hesabu hizo akacheka. Akaniambia umesahau siku ya kuuza. Premio ya milioni kumi na saba baada ya miaka minne unaweza ukaitoa kwa kumi na tatu. Sylphy ya kumi na laki tatu utaitoa kwa sita, na hiyo sita utaitafutia mteja miezi. Yaani zote zimekula milioni nne na ushee, ile sita na laki saba ya Premio haijapotea, ilikuwa imewekwa tu kwenye bati, na juu yake umeokoa mafuta ya karibu milioni tatu. Na yuko sahihi kabisa. Mwenye milioni kumi na saba zimelala achukue Premio, mimi sina ubishi.

Ila mimi zilikuwa kumi na moja. Hiyo sita ningeitoa kwenye mkopo, na riba za mikopo yetu mnazijua, kwa miaka mitatu minne riba peke yake ingemeza lile punguzo la mafuta lote na kunigusa ada za watoto. Nilipomwambia hivyo akanyamaza, halafu akaanza kunieleza benki yao wana mkopo wa magari.

Nina mwaka na miezi nane nayo. Imekwenda Morogoro mara sijui ngapi, Iringa mara moja, Tanga mara mbili, matairi nimebadilisha manne, shokapu za mbele zinakuja kudai. Baba mkwe, ambaye ni mtu wa enzi za Datsun, ndo peke yake aliyefurahi bila masharti. Aliona neno Bluebird kule nyuma akaanza stori ya Safari Rally ya 1970 iliyobebwa na Datsun 1600 SSS, ambayo kwao Japani jina lake ni Bluebird, na kwakweli kati ya ile na hii yangu kilichobaki ni jina tu, ila sikumkatisha. Shemeji alikuwepo akinywa soda. Jumapili iliyopita kaja kuiazima, ana msiba Kibaha na wako watano.