Miti ya reli ya modeli kwa sponji ya godoro na waya ya ujenzi: uzoefu wangu wa miezi minane

Nimeona watu kadhaa hapa Nairobi wameanza treni za modeli, yaani treni ndogo za mfano zinazotembea juu ya meza, na wote wanakwama mahali pamoja, miti. Treni unapata, reli unapata, lakini ukishaweka mlima na stesheni, meza bado inakaa uwanja mtupu, na ukiangalia bei ya miti ya kununua unafunga simu. Sasa wacha niwaambie kile nimetumia, kile kimefanya kazi na kile kimeniharibia, ndio msipitie njia ile nilipitia.

Meza yangu ni skeli ya HO, yaani 1:87, kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli, na ninajenga kipande cha reli ya zamani kutoka Makindu hadi Nairobi. Najua reli yetu ya zamani ina upana wa mita moja kati ya chuma na chuma, na kwa skeli hii ingetakiwa njia ya upana wa karibu milimita 12, mimi natumia ya 16.5 kwa sababu ndiyo rahisi kupata, mnisamehe hapo. Lakini kwa miti sikutaka kukosea, kwa sababu miti ndiyo inakwambia uko Kenya.

Mwanzo niliagiza boksi la miti ya tayari kutoka nje. Ikafika, nikalipia na ushuru juu, kufungua napata ni ile miti ya Ulaya yenye ncha, ya kijani inayong'aa kama sahani ya plastiki, na mrefu zaidi ulikuwa sentimita 8. Piga hesabu. Sentimita 8 mara 87 ni kama mita 7, huo ni mpera wa nyuma ya nyumba. Jakaranda ya mita 12 inataka sentimita 14 hivi. Hiyo boksi nilimpa mpwa wangu.

Nikaamua kutengeneza. Ya kwanza nilitumia ile waya ya kusugulia sufuria, unaivuta mpaka inakuwa kama wingu, unabandika matawini, unamwagia majani bandia. Inapendeza sana kwa macho na hapo ndipo hatari iko. Wiki ya pili injini yangu ikaanza kushikashika, inaenda inasimama, mara ikanuka kuungua. Nikaifungua nikatumia lenzi, nikakuta nyuzi za chuma nyembamba kama nywele za mtoto mchanga zimejizungusha kwenye mota. Mota ina sumaku, kila unywele wa chuma unaoanguka karibu na reli unavutwa ndani, na ukilala juu ya reli mbili unapiga shoti. Nilikaa jioni nzima na kibano natoa uzi mmoja mmoja. Miti yote 20 niliyokuwa nimetengeneza nikaitoa siku hiyo hiyo. Tafadhali, hata kama utaona mtu anasifu hii njia, usiiweke karibu na reli.

Suluhisho nililipata kwa fundi wa viti Ngong Road. Nilikuwa napita nikaona gunia la vipande vya sponji, vile vinabaki wakikata viti, nikamuuliza kama anauza.

"Unajaza mto, mzee?"

"Hapana fundi, natengeneza miti."

Akaniangalia kidogo halafu nikamwonyesha picha kwa simu, akacheka akaniita tuingie ndani, akaniongezea na ile pamba nyeupe ya kujazia mito, yote shilingi mia. Hiyo pamba nilikuja kujua baadaye ndiyo ilikuwa dawa yenyewe. Siku hizi ananiwekea mfuko wangu pembeni.

Sasa sponji. Usisage kavu. Nilijaribu, inaruka juu ya visu, inajibandika kila mahali kwenye jagi. Katakata vipande vya ukubwa wa kidole gumba, jaza blenda maji nusu, saga kidogo kidogo, chuja kwa kitambaa, kamua, halafu ndio uchanganye na rangi ya maji ya ukuta iliyoyeyushwa na uanike kwa gazeti siku mbili za jua. Na blenda iwe ya mtumba ya kazi hiyo tu, isirudi jikoni, rangi na sponji si vitu vya kuingia kwa juisi ya watoto. Tengeneza angalau kijani tatu, iliyokolea, ya kati na moja yenye unjano, kwa sababu mti wa kijani moja unaonekana bandia hata ukiwa umbali wa mita mbili. Rangi ya chakula nayo achana nayo, yangu ilikaa karibu na dirisha miezi miwili ikageuka kijivu.

Shina ni baindingi waya, ile nyeusi laini ya kufungia vyuma vya ujenzi, inauzwa kwa kilo kila hadiwea. Chukua nyuzi 12 za sentimita 25, zisokote pamoja sentimita tano za chini, halafu uanze kuzigawa, nne nne, kisha mbili mbili, mpaka mwisho ni uzi mmoja mmoja. Paka gundi ya mbao iliyochanganywa na vumbi la msumeno, ikikauka inakaa gome kabisa. Vuta pamba iwe nyembamba mpaka unaona vidole vyako ng'ambo, ifunike matawi, nyunyiza gundi iliyoongezwa maji mara tatu na tone la sabuni ya vyombo (bila sabuni maji yanakaa matone juu juu hayaingii), mwagia sponji, geuza chini juu, kung'uta, rudia.

Mgunga ndio nimeupenda kuliko yote. Matawi unayapandisha kama mwavuli uliogeuzwa na upepo, halafu pamba unaiweka tabaka moja tu juu, bapa, usijaze, mwanga upite. Ukitaka ile migunga ya manjano ya karibu na maji, shina lipake njano yenye ukijani kidogo.

Jakaranda ilinisumbua kwa rangi. Zambarau ya dukani ilikuwa kali mno, nikachanganya buluu, nyekundu kidogo na nyeupe nyingi mpaka ikawa ile ya mwezi wa kumi. Kitu kilichofanya iwe jakaranda kweli lakini si juu, ni chini. Nilichukua chembe ndogo kabisa za ile zambarau nikazimwaga kwa ardhi chini ya mti na pembeni mwa barabara, zingine nikaziacha juu ya paa la stesheni. Mpwa wangu alipoingia alisema tu, "Anko, hii ni Nairobi!" na sikuwa nimemwambia kitu.

Kwa hesabu yangu mti mmoja unanigharimu kama shilingi 15, muda ni dakika 40 ukiwa umezoea. Ubaya upo: zinadondosha chembe miezi ya kwanza mpaka unyunyize gundi mara ya pili, na vumbi la mtaani linashika, napulizia na pampu ya baiskeli kila Jumamosi.

Nimefika miti 140. Imebaki mikaratusi, na hiyo siwezi kuiruka kwa sababu ililetwa Kenya mwaka 1902 hasa kwa ajili ya kuni za injini za reli. Mti wa mita 30 unakuwa sentimita 34, mrefu kuliko mlima wangu, na lile gome linalobanduka bado halijakubali. Nimejaribu karatasi ya tishu na gundi, ikatoka nene mno. Jioni hii najaribu maganda ya kitunguu saumu.