Judo baada ya miaka arobaini: uzoefu wangu na darasa la wanaoanza

Darasa hili nalipa alama nne kati ya tano, na tatu kati ya hizo ni kwa sababu moja tu: hapa unafundishwa kuanguka kabla ya kufundishwa kuangusha. Kwa aliyevuka arobaini, hilo ndilo la kutazama kwanza. Medali za ukutani hazitakulinda bega.

Mafunzo ya kuanguka, yaani ukemi, yanaanzia chini kabisa. Unalala chali, kidevu kifuani, macho kwenye fundo la mkanda ili kisogo kisiguse mkeka, kisha unapiga mkeka kwa mkono mzima, viganja vikitazama chini. Mkono uachane na ubavu kwa nyuzi 30 hadi 45. Ukiupanua kupita hapo, bega linavutika; ukiubana sana, unaangukia kiwiko. Ukishazoea, unaanguka kinyumenyume ukiwa umechuchumaa, baadaye ukiwa umesimama, halafu kwa ubavu. Mwisho ni kubiringika mbele, na hapo ndipo watu wazima wengi wanapokwama. Hofu inawafanya wanyooshe mwili katikati ya mzunguko, ncha ya bega inagonga chini moja kwa moja, na mtulinga unabeba kishindo chote. Mwalimu anawaanzisha wakiwa wamepiga goti moja, na hamruhusu mtu asimame mpaka mgongo wake uviringike vizuri. Anakemea sana pia tabia ya kutanguliza kiganja ili kujizuia. Ana haki: uzito wote unaishia kwenye kifundo cha mkono na kiwiko.

Mikeka ni ya kawaida, meta 1 kwa 2, unene sentimeta 4, na kwa kurushwa mara za mwanzo wanatandika godoro nene juu yake. Kagua maungio kabla ya kuanza. Mwanya mdogo tu unanasa kidole cha mguu.

Mbinu ya kwanza ni o goshi, kumbeba mtu nyongani na kumwangusha. Nilipenda kwamba anayerusha anafundishwa kutoachia mkono wa sare ya mwenzake. Anauvuta juu wakati mwenzake anatua, ili atue kwa ubavu badala ya kichwa au bega. Baadaye inakuja o soto gari, ngwara ya nje, na kulaliana chini kwa kesa gatame, yaani kumbana mwenzako chali mkekani. Ukipigwa kabali, gonga mara mbili mwilini mwa mwenzako kuonyesha umesalimu amri, usigonge hewani. Ukishikwa kiwiko, gonga mkono unaponyooka. Ukisubiri maumivu umechelewa.

Sasa malalamiko. Kupasha mwili moto kunaanza na kuruka kichura, magoti yakiwa bado baridi. Niliomba nifanye kuchuchumaa nusu na kutembea kwa goti lililokunjwa, wakakubali bila neno, lakini lilipaswa kuwa jambo la kila mtu. Kubwa zaidi, kwenye randori, yaani mazoezi ya kupambana huru, wanapanga watu kwa uzito peke yake. Mashindano ya maveterani yana makundi ya umri, miaka mitano mitano kuanzia 30, na si bure. Kijana wa kilo zako anakuja kwa kasi ambayo kano zako hazijaizoea. Usione haya kuchagua mwenza, na kabla hamjashikana mwambie wazi: tani otoshi hapana. Katika mbinu hiyo mtu anajiangusha nyuma ya miguu yako. Asiyeijua vizuri anakalia ubavu wa goti lako huku unyayo umeganda kwenye mkeka, na mishipa ya ndani ya goti inachanika.

Vidole ndivyo vinavyochakaa kimyakimya. Mwenzako akichomoa mkono wa sare kwa nguvu, achia; anayeng'ang'ania ndiye anayeamka na viungo vilivyovimba. Plasta ngumu ya michezo, ikizungushwa juu na chini ya kiungo na kukatiza kwa ndani, inasaidia.

Mara mbili kwa wiki, zikiachana kwa siku mbili au tatu, inatosha. Misuli inazoea upesi, kano zinachukua miezi, kwa hiyo mtu anajisikia yuko fiti wakati kiwiko bado hakijawa tayari. Mwenye presha isiyotulia, mifupa dhaifu, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwone daktari kabla ya kujiandikisha.

Sare ya kuanzia, gramu 350 kwa meta ya mraba, inatosha na haichemshi mwili kama ile nzito. Nunua kubwa kidogo kwa sababu pamba hurudi, fua kwa maji yasiyozidi nyuzi 30, anika kivulini. Alama moja niliyowanyima ni ya usafi: mikeka haifutwi kwa dawa kati ya darasa la watoto na letu, na choa husambaa kwa njia hiyohiyo. Ulizia hilo, kata kucha, na oga mara tu baada ya mazoezi.