Nililipa kuiona Uturuki, nikafungiwa kwenye duka la mazulia

Naanza na lililoniudhi, maana nikianza na mandhari hasira itapoa na mwingine ataingia palepale nilipoingia mimi. Msafara wa basi uliotuzungusha Uturuki kwa zaidi ya wiki mbili ulitufungia mchana mzima kwenye duka la mazulia, siku ambayo ratiba ilisema tunakwenda Derinkuyu, mji wa kale uliochimbwa chini ya ardhi. Humo dukani mwongoza watalii akamkaripia mama yangu mdogo mbele ya watu kwa sababu aliomba akapumzike ndani ya basi. Mama mdogo ameshapita miaka sabini. Ni mwalimu mstaafu, amefundisha nusu ya mtaa wetu pale Tanga, na tangu nimjue sijawahi kumsikia mtu akimpandishia sauti.

Kampuni siitaji, wala yule mwongozaji simtaji. Haya ninayoyasema yanazihusu safari nyingi za aina hii, zile za kulipa kwa awamu, hoteli kila siku mpya, basi moja, watu wamejazana kutoka Dar, Nairobi na Mombasa.

Siku yenyewe ilipangwa hivi: asubuhi Konya, njiani tusimame Sultanhanı, mchana tushuke kwenye mji wa chini ya ardhi wa Derinkuyu, jioni tulale Göreme, kwenye eneo la Kapadokia. Wengi kwenye basi walikuja kwa ajili ya Istanbul na maputo ya kupanda angani ya Kapadokia. Mama mdogo alikuja kwa ajili ya Konya. Amekulia kwenye maulidi na zikiri za tarika ya Kadiria, na jina la Maulana Jalaluddin Rumi, mshairi na sheikh wa Kisufi aliyezikwa Konya, amelisikia tangu yuko mdogo. Fedha zake za safari alizikusanya kidogo kidogo miaka kadhaa, na kila nilipomuuliza anataka kuona nini, jibu lilikuwa hilohilo: Konya.

Konya tukapewa dakika ishirini na tano. Humo zimo foleni ya mlangoni na kuvaa vile vifuniko vya plastiki vya viatu. Ukiingia, kaburi la Maulana, aliyefariki Desemba 1273, liko chini ya kuba la kijani, limefunikwa kitambaa kizito chenye nakshi za dhahabu, na kilemba kikubwa kimewekwa juu yake. Baba yake amelazwa jirani. Sauti ya filimbi ya nay inasikika chinichini. Serikali ya Jamhuri ilizifunga zawiya zote, zile nyumba za ibada za Masufi, mwaka 1925, na pale pakafunguliwa kama makumbusho mwaka 1927, kwa hiyo kwenye karatasi ni makumbusho. Lakini waangalie watu waliomo: mikono imefunguliwa, midomo inatembea, machozi yanatiririka. Hakuna anayesimama vile kwenye makumbusho. Mama mdogo alikuwa hajafika hata nusu ya Yasini mwongozaji alipoanza kupiga makofi mlangoni kutuita.

Tukavumilia. Tuliambiwa njia ni ndefu.

Sultanhanı ikawa kituo cha choo. Na hiyo ni nyumba ya misafara iliyojengwa mwaka 1229, enzi za Sultani Alaeddin Keykubad, ina lango la mawe lililochongwa hadi unajiuliza mchongaji alimaliza vipi akiwa bado ana macho, na uani kuna msikiti mdogo ulioinuliwa juu ya matao. Wafanyabiashara waliingia humo na ngamia wao, wakalishwa wakalazwa. Nililiona lango. Ya ndani nimeyaona baadaye, kwenye picha za watu wengine.

Kisha basi likakata kona, likaingia kwenye jengo ambalo halikuwemo kwenye ratiba.

Nitasema ukweli wote, hata unaowapendeza wao. Nusu saa ya kwanza ilikuwa nzuri. Tulionyeshwa vifuko vya nondo wa hariri vikielea kwenye maji ya moto, na mama mmoja akivuta nyuzi kutoka humo, nyembamba kiasi kwamba unaziona tu zikipigwa na mwanga. Msichana aliketi kwenye kitanda cha kufumia, anafunga fundo moja baada ya jingine. Fundo la Kituruki huzungushwa kwenye nyuzi mbili za mtande, zile za kusimama, pande zote mbili sawa, na kwa sababu hiyo wanasema zulia linashika vizuri miaka na miaka. Ningeweza kumtazama yule binti muda mrefu. Kama wangeishia hapo, leo ningekuwa nawasifu.

Hawakuishia hapo. Tukaingizwa kwenye ukumbi mkubwa wenye mabenchi ukutani, tukagawiwa chai ya tufaha, vijana wakaanza kuyatupa mazulia sakafuni, moja juu ya jingine, huku mzee mmoja anasimulia. Halafu wakatutenganisha. Kila familia ikapata muuzaji wake na chumba chake, mlango unarudishwa. Muuzaji wetu alianza na dola elfu sita kwa zulia la hariri lisilozidi mkeka wa kuswalia. Nikasema hatununui. Akashuka hadi elfu nne. Nikasema tena hatununui. Akaniuliza mume wangu anafanya kazi gani. Akauliza Tanzania tunatandika nini sakafuni. Saa ya pili ikaingia. Elfu mbili. Mama mdogo miguu ilikuwa imeshaanza kuvimba kwa kukaa, akasimama, akaenda hadi kwa mwongozaji aliyekuwa kaunta anakunywa kahawa yake, akamwomba kwa adabu kabisa afunguliwe akakae kwenye basi.

Yule kijana akamwambia basi limefungwa na dereva amekwenda kula. Mimi nilikuwa namwona dereva kupitia dirisha, ameketi kwenye ngazi za basi, mlango wazi. Nikamwonyesha. Hapo akageuka, si kwangu, kwa mama mdogo, akapaza sauti ukumbi mzima ukasikia: "Mama, wenzako wananunua. Kama huna hela, kaa kimya usiwaharibie wengine siku."

Mama mdogo alimjibu kitu kimoja tu. "Mwanangu, mimi nimelipia kuja kuona." Akarudi kwenye benchi, akakaa.

Naandika haya mikono inatetemeka. Watu wazima tulikuwa ndani ya ukumbi ule, na wapo walioangalia pembeni. Kiongozi wa msafara, huyu tuliyeondoka naye Dar, ambaye kazi yake nzima ni kutusemea, alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale. Nilipomfuata akaniambia, "Dada, tuvumiliane, ndiyo utaratibu wa huku." Utaratibu wa huku! Watu wa huku ndio waliompisha mama mdogo kiti kwenye tramu ya Istanbul kabla hajashika nguzo. Watu wa huku ndio wale wa Bursa, duka la simit, ile mikate ya duara yenye ufuta, waliokataa kabisa kupokea hela yake. Usiwasingizie watu nchi nzima kwa sababu ya asilimia unayogawana na mwenye duka.

Maana ndicho kilichopo. Anayeishi na kazi ya utalii anajua safari ya bei ya chini inajazwa na kamisheni: duka linailipa kampuni, linamlipa mwongozaji, na wewe unalipa kwa muda wako. Karibu na Efeso walitupeleka kwenye jaketi za ngozi, wakatuwekea hadi maonyesho ya mavazi, muziki juu. Kapadokia ikawa mawe ya fairuzi. Hayo yote nilikuwa tayari kuyasahau. Lakini la mazulia lilikula Derinkuyu.

Tulifika lango limeshafungwa. Mji ule umechimbwa kwenye mwamba laini wa majivu ya volkano, unashuka chini mita themanini na kitu, una mazizi, visima, mashimo ya kuingizia hewa, na milango ya mawe ya mviringo ambayo aliye ndani anaweza kuivingirisha akafunga njia na aliye nje asiweze kuifungua. Maelfu ya watu walijificha humo zama kwa zama, vita vikipita juu yao. Wakristo wa Kigiriki wa eneo lile waliendelea kuyajua mashimo hayo hadi walipohamishwa wote kwenye ule ubadilishanaji wa watu kati ya Uturuki na Ugiriki wa mwaka 1923. Mwongozaji alitueleza mambo hayo akiwa amesimama kwenye maegesho, injini ya basi inanguruma, kisha akasema tumeshaelewa, twende hotelini. Tiketi za Derinkuyu zilikuwa ndani ya bei tuliyolipa. Hadi leo hela hiyo haijarudi.

Sasa hapa ndipo ninaposhindwa na nafsi yangu, maana nikimwambia mtu asiende nitakuwa nimemnyima.

Efeso nimeitembea. Unaingia kwa lango la juu, unateremka njia ya marumaru iliyolainishwa na nyayo, na mwisho wa mteremko maktaba ya Celsus inasimama mbele yako ghafla, ghorofa mbili za nguzo. Wataalamu walizisimamisha upya miaka ya 1970 kutoka kwenye mawe yaliyoanguka. Ukumbi wa michezo pale ulichukua watu kama elfu ishirini na tano. Bandari iliyoutajirisha mji huo imekuwa nchi kavu, mto uliifukia kwa tope, na bahari sasa iko kilomita kadhaa huko. Niliketi juu kabisa ya ngazi za ukumbi nikitafuta bahari kwa macho. Mtu aliyekulia Tanga, karibu na magofu ya Tongoni, anajua uchungu wa mji ambao bahari imeuacha bila biashara.

Pamukkale unavua viatu. Mlima mzima ni mweupe, maji ya uvuguvugu yenye chokaa yanateremka na kuacha chokaa hiyo ikigandamana kuwa mabeseni. Mabeseni mengine yalikuwa makavu, maji yanaelekezwa kwa zamu ili weupe usiharibike, baada ya hoteli zilizokuwa zimejengwa juu kubomolewa kwa sababu ya kuyamaliza. Mama mdogo alitumbukiza miguu humo, akacheka kama msichana, na uvimbe ule ulikuwa bado haujatokea.

Na Kapadokia, siku iliyofuata baada ya duka. Puto tulikuwa hatukulipia, bei yake ni ya watu wengine. Alfajiri, giza bado, mlango wa chumba ukagongwa. Dereva. Kiingereza hana, Kiswahili hana, akaonyesha kwa mkono juu, akaonyesha mama mdogo, akaonyesha funguo. Alituchukua sisi tuliobaki, bila kuombwa na mtu, akatupeleka hadi ukingo wa bonde, akamshika mama mdogo mkono hadi mahali pa kusimama, akamtandikia koti lake juu ya jiwe. Maputo yakaanza kuwaka mojamoja chini bondeni, kisha yakapanda yote pamoja kati ya zile nguzo za mawe, na jua likatokea upande wa mlima Erciyes wenye theluji. Mama mdogo alikuwa anasema Subhanallah, Subhanallah, hakuna kingine. Yule bwana hakusubiri hata bakshishi. Alikuwa ameyaona ya jana, naamini hivyo, na hilo ndilo alilokuwa na uwezo wa kulifanya.

Kwa hiyo msafara huuhuu ulionitia uchungu ndio ulionipa asubuhi ile, na kila nikitaka kuandika kwamba ni wezi watupu namkumbuka dereva. Lakini dereva si kampuni. Kampuni ni ile meseji iliyotufuata WhatsApp baada ya kurudi: "Tunasikitika kwa usumbufu, tunakupa punguzo la asilimia kumi safari ijayo." Nilichoandika kwenye malalamiko kilikuwa viwili tu, hela ya Derinkuyu na barua ya kumwomba radhi mama mdogo kwa jina lake. Punguzo sikuomba. Barua haijaja. Nimewapigia, wamenipa namba nyingine. Hiyo nyingine imenirudisha kwa ya kwanza.

Unayetaka kulipia safari kama hii, kabla hujatoa awamu ya kwanza wadai waandike kwenye ratiba kila duka watakaloingia na saa watakazokaa humo, na waandike kwamba asiyetaka kununua atabaki kwenye basi mlango wazi. Wakisema haiandikwi, umeshapata jibu. Na waulize Konya mnakaa muda gani. Ukisikia "tutapita", jua mtapita kweli.

Mama mdogo hataki niendelee na ugomvi. Anasema yule kijana ana mama yake, atamfundisha. Mimi sijafika huko. Tulilokubaliana ni kwamba tunarudi, yeye na mimi, Desemba moja Mungu akijalia, zile siku wanapoadhimisha kufariki kwa Maulana. Kuna treni ya mwendokasi kutoka Istanbul hadi Konya, mwendo wa saa tano hivi. Kama yupo mtu wa Dar au Tanga anayependa kuungana nasi anakaribishwa, ila awe tayari kukaa Konya kwa siku kadhaa na asije na ratiba.