Mifuko ya jiotekstaili ya kukinga ufuo: nunua, lakini ujue kazi yake inaishia wapi

Muuzaji akikuuzia mfuko huu kwa jina la ukuta wa bahari, mpunguzie maneno. Mfuko wa jiotekstaili (kitambaa imara cha plastiki kinachopitisha maji na kubakiza mchanga) uliojazwa mchanga ni kinga ya kununua muda. Huizuia bahari isile barabara, kisima au safu ya kwanza ya nyumba, wakati wakazi na serikali yao wakiamua jambo kubwa zaidi: kurudisha mchanga ufuoni au kuhamia bara. Kwa kazi hiyo tunaupa nne kati ya tano. Ukitegemewa peke yake kwa miaka mingi, alama zinashuka hadi mbili.

Kwanza usiuchanganye na viroba vya kawaida vya plastiki iliyofumwa. Viroba hivyo jua huvivunjavunja ndani ya miezi, mchanga unamwagika, na vipande vyake vinaishia kwenye nyavu za wavuvi. Kitambaa tunachokizungumzia hakikufumwa: nyuzi zake zimesokotanishwa kwa sindano hadi kikawa kinene kama blanketi. Kikitobolewa hakichaniki kwa urefu kama kilichofumwa, na hiyo peke yake ni sababu ya kutosha kukichagua.

Mzigo ukifika, usiamini lebo. Kata vipande kumi vya sentimita 10 kwa 10 kutoka sehemu mbalimbali za upana wa kitambaa, uvipime. Kitambaa cha gramu 600 kwa mita ya mraba kitatoa gramu 6 kwa kipande. Ukikuta kimoja gramu 4 na kingine 7, unene hauko sawa, na mfuko utapasukia palipo pembamba. Chini ya gramu 600 tusingenunua kwa ufuo wenye mawimbi. Kisha lowesha kipande, ukikamue hewa yote ndani ya maji: polipropilini huelea, poliesta huzama. Zote zinafaa, ila polipropilini isiyo na dawa ya kuzuia miale ya jua haifai kabisa. Mwisho, shona kijifuko kidogo, kijaze mchanga wa ufuo wako na ukitikise ndani ya ndoo. Maji yakichafuka kidogo mwanzoni kisha yakatulia, sawa. Mchanga ukizidi kulala chini ya ndoo, matundu ni makubwa mno kwa mchanga wako.

Saizi zinazopatikana zaidi ni mita za ujazo 0.75 na 2.5. Mchanga uliolowa una uzito wa karibu tani 2 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo mfuko mkubwa unakaribia tani 5 nchi kavu. Ukizama, bahari inaubeba nusu ya uzito huo. Jiwe gumu la ujazo uleule linabaki na uzito mkubwa zaidi majini, ndiyo maana mawe bado yanashinda penye mawimbi makali. Wimbi kwa kawaida huvunjika kimo chake kinapofika takriban 0.78 ya kina cha maji. Basi pima kina mbele ya mahali pa ukuta wakati wa bamvua (siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida) yenye dhoruba: kikiwa mita 1.5, tarajia mawimbi ya karibu mita 1.2. Hapo hatungeweka mfuko mdogo. Kina kikizidi mita 2, hata mkubwa tungeutilia shaka.

Ujazaji ndipo fedha nyingi hupotea. Mfuko huwekwa ndani ya fremu ya chuma, mchanga unamiminwa kwa faneli huku ukimwagiwa maji ili ushuke vizuri, kisha mdomo unashonwa kwa cherehani ya mkono, mistari miwili ya uzi wa poliesta. Vibarua wakilipwa kwa idadi ya mifuko hujaza nusunusu, na mfuko uliolegea mchanga wake unahamahama ndani kila wimbi linapopiga, hadi unajikunja na kuvutwa nje. Ukijazwa hadi kuwa duara nao haulali juu ya mwenzake. Lenga asilimia 80 au zaidi kidogo ya ujazo ambao ungebeba ukijaa hadi kuwa duara. Uinulie chini kwa kijiko cha ekskaveta au kwa mikanda mipana, usitumie kulabu kamwe.

Kuta nyingi za mifuko huanza kuanguka kwenye kitako. Wimbi likigonga ukuta hurudi chini na kuchimba mchanga wa mbele, mfuko wa chini unapinduka, na waliolala juu yake wanafuata. Kwa hiyo kitako kinachimbwa chini ya usawa wa chini kabisa ambao ufuo huwa unafikia msimu wa mawimbi makubwa, si usawa unaouona siku ya kazi. Ongeza walau mita moja. Kazi hii ifanywe siku za bamvua, maji yakiwa yanapwa, kwani wakati wa maji mafu, yasipopwa sana, mtaro utajaa kabla hujalaza kitu. Anza saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, pampu ikiwa tayari. Chini ya mtaro na nyuma ya ukuta tandika kitambaa cha kuchuja, vipande vipandane kwa nusu mita. Ukikiruka, mchanga wa nyuma utafyonzwa kupitia mianya, na mashimo yatafunguka kwenye njia ya watembea kwa miguu huku ukuta ukionekana mzima. Mbele ya kozi ya kwanza, yaani safu ya chini kabisa ya mifuko, ongeza safu moja ya mifuko ya akiba, iliyoachwa ianguke yenyewe ndani ya shimo ambalo wimbi litachimba.

Kozi zinalazwa kama tofali, maungio yasilingane, urefu wa mfuko ukielekea baharini na mshono wa mdomo ukiangalia bara. Mfuko mkubwa ukilala una kimo cha karibu sentimita 65, kwa hiyo kila kozi irudi nyuma karibu mita moja. Kozi ya juu haina kitu cha kuikandamiza na jua linaipiga siku nzima. Ifunike kwa mchanga na mimea itambaayo.

Sasa hesabu ambayo wauzaji hawaitaji. Ukuta wa urefu wa mita 100, kozi tano, matabaka mawili pamoja na safu ya akiba, unameza mifuko mikubwa kama 616. Hiyo ni mita za ujazo 1,540 za mchanga. Ukizichota mbele ya ukuta huohuo, kwenye ukanda wa upana wa mita 30, umeshusha ufuo kwa nusu mita: umejichimbia shimo ulilokuwa ukilikimbia. Mchanga utoke nje ya ufuo, na gharama ya malori iingie kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Jirani naye ana hesabu yake. Mchanga uliokuwa ukimomonyoka hapo ndio uliokuwa ukisafiri na mkondo kulisha ufuo wake. Ukuta ukiishia kwenye mpaka wa kiwanja, mmomonyoko huongezeka mara tu baada ya ncha, kisha bahari inazunguka nyuma. Kunja ncha mita 5 hadi 10 kuelekea bara, na usijenge bila kukubaliana na walio upande ambao mkondo unaelekea. Acha pia njia za kupitishia mashua: mifuko ikiota mwani huteleza vibaya, na wavuvi wasipoachiwa njia watajitengenezea kwa kisu.

Mifuko inaweza kufanya kazi nzuri pia chini ya maji. Huko Narrowneck, Gold Coast nchini Australia, mwamba bandia wa mifuko mikubwa mno ulijengwa kati ya 1999 na 2000, na viumbe wa baharini wakaufanya makazi. Lakini ukitaka ufuo wenyewe urudi, dawa ni mchanga: Uholanzi mwaka 2011 ilimwaga mita za ujazo milioni 21.5 kwenye pwani moja ya Zuid-Holland ili mawimbi na upepo viusambaze. Jamii nyingi haziwezi kiasi hicho, ila kanuni ni ileile kwa kiasi kidogo. Gabioni, yaani vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, tungeziepuka kabisa. Waya wake unaliwa na chumvi na kukatika.

Ukiagiza, ongeza asilimia 5 ya mifuko mitupu, uzi wa akiba na vipande vya kiraka. Kagua ukuta baada ya kila dhoruba na kila bamvua kubwa. Mkato mdogo wa kisu uzibwe wiki hiyohiyo. Mfuko uliopoteza zaidi ya robo ya mchanga toa, weka mwingine, na mabaki ya kitambaa yasiachwe majini.