Vifaa vya kusafisha maji ya kunywa nyumbani: kipi kitangulie kununuliwa

Maji ya mradi mdogo, yaani kisima au chemchemi moja inayojaza tangi na kuhudumia kaya chache, mara nyingi hayana mtaalamu wa kuyapima kila siku. Pampu inapozimwa, msukumo ndani ya bomba hushuka, na palipo na ufa maji machafu ya ardhini hufyonzwa ndani, kisha huwa ya kwanza kutoka pampu inapowashwa tena. Ndiyo maana familia nyingi huamua kununua kifaa chao wenyewe cha kusafishia maji. Uamuzi huo ni wa busara, lakini fedha nyingi hupotea kwa sababu kifaa huchaguliwa kabla uchafu wenyewe haujajulikana, ilhali hakuna kifaa hata kimoja kinachoondoa kila kitu.

Kwa hiyo kinachostahili kulipiwa kwanza ni kipimo cha maabara, na ikiwezekana kaya zote zichangie gharama, kwa kuwa chanzo ni kimoja. Kipimo kihusishe bakteria wa E. coli (dalili ya kinyesi katika maji), naitreti (kemikali itokayo hasa kwenye mbolea na kinyesi), floraidi, aseniki (sumu ya asili itokayo kwenye miamba), na madini ya risasi ikiwa mabomba au viungo vyake ni vya zamani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka E. coli asionekane kabisa katika mililita 100 za maji, naitreti isizidi miligramu 50 kwa lita, floraidi isizidi miligramu 1.5, na aseniki na risasi kila moja isizidi miligramu 0.01. Sampuli za bakteria zichukuliwe kwa chupa safi ya maabara, zihifadhiwe kwenye ubaridi na zifike maabara ndani ya saa 24. Zitoke sehemu tatu: kwenye chanzo, kwenye tangi na kwenye ndoo ya nyumbani, maana tofauti kati yake ndiyo inayoonyesha uchafu unaingilia wapi. Sampuli moja ya kiangazi haitoshi, kwa kuwa kisima kilicho salama wakati wa ukame kinaweza kujaa bakteria baada ya mvua kubwa.

Usiuamini weupe wa maji. Nchini Bangladesh, visima vya bomba vilichimbwa kwa wingi kuanzia miaka ya 1970 ili watu waache maji ya madimbwi yaliyokuwa yakiwaletea magonjwa ya kuhara. Maji yake yalikuwa meupe na matamu, na ni mwaka 1993 ndipo ilipothibitishwa kuwa baadhi yake yalikuwa na aseniki.

Usiuamini pia mchezo wa wauzaji wanaotumbukiza vijiti viwili vya umeme katika glasi mbili, moja ya maji ya bomba na nyingine ya maji ya mashine yao. Baada ya dakika chache maji ya bomba hugeuka rangi ya kutu na kutoa povu zito, na mteja hushtuka. Kinachoonekana ni chuma cha vijiti vyenyewe kikiyeyuka, kwa sababu chumvi za kawaida zilizomo katika maji hupitisha umeme. Maji yasiyo na chumvi hayaupitishi vizuri, ndiyo maana glasi ya pili hubaki nyeupe. Hata kile kipimo kidogo cha TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka katika maji) huhesabu chumvi zote kwa jumla tu, na hakiwezi kuonyesha bakteria wala aseniki.

Majibu yakionyesha vimelea, ambalo ndilo tatizo la kawaida zaidi, nafasi ya kwanza naipa kichujio cha nyuzi kinachofanya kazi kwa uzito wa maji yenyewe. Ndani yake mna mirija myembamba mingi yenye kuta zilizojaa vitundu visivyoonekana kwa macho, na hakihitaji umeme wala msukumo wa bomba, sifa ambazo katika mradi mdogo zina thamani kuliko kasi. Kabla ya kulipa, angalia ukubwa wa vitundu ulioandikwa: vitundu vya mikromita 0.1 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) huzuia bakteria na protozoa, yaani vimelea vya seli moja vikubwa kuliko bakteria, lakini virusi vingi hupita, ilhali vya takriban mikromita 0.02 huzuia sehemu kubwa ya virusi pia. Angalia vilevile kama kina bomba la sindano au kishikio cha kurudisha maji kinyumenyume, kwa kuwa kichujio kisichosafishwa hivyo huziba mapema. Shirika la Afya Duniani lina mpango wa kutathmini vifaa vya nyumbani kwa nyota, ulioanza mwaka 2014: nyota tatu huhitaji kuondoa angalau asilimia 99.99 ya bakteria na protozoa na asilimia 99.999 ya virusi. Muuzaji akikuonyesha ripoti ya tathmini hiyo, ina uzito kuliko tangazo lolote.

Nafasi ya pili ni klorini ya maji au ya vidonge, na ningependa kila nyumba iwe nayo hata kama imenunua kichujio. Huua bakteria na virusi vingi ndani ya dakika 30, na sifa yake kubwa ni kwamba kiasi kinachobaki, angalau miligramu 0.2 kwa lita, huendelea kuyalinda maji ndani ya chombo. Haimudu Cryptosporidium, protozoa mmoja anayeleta kuhara, na hupoteza nguvu katika maji yenye tope, hivyo maji hayo yaachwe yatuame na kuchujwa kwanza. Soma tarehe ya kutengenezwa: klorini ya maji iliyokaa muda mrefu kwenye joto hudhoofika hata kama chupa haijafunguliwa.

Kichujio cha kauri kinafuata kwa karibu. Ni imara, husafishwa kwa brashi laini, na huzuia bakteria na protozoa vizuri, ingawa virusi hupita na utoaji wake wa maji ni wa taratibu. Kikianza ghafla kutoa maji kwa kasi kuliko ilivyokuwa, huenda kina ufa. Kisitumike tena mpaka kikaguliwe. Taa ya UV, yaani ya mionzi ya urujuanimno inayoua vimelea, naiweka ya nne, si kwa sababu ni dhaifu, bali kwa sababu inataka umeme usiokatika na maji meupe kabisa, na haiachi kinga yoyote baada ya maji kutoka. Taa hiyo huendelea kuwaka rangi ya buluu hata baada ya nguvu yake ya kuua vimelea kupungua, kwa hiyo hubadilishwa kwa kufuata muda wa mtengenezaji, kwa kawaida kila mwaka.

Kuchemsha mpaka maji yatokote huua vimelea vya aina zote hizo, na anayemudu kuni au gesi hana haja ya kuharakisha kununua kitu. Lakini palipo na naitreti, floraidi au aseniki, kuchemsha huongeza mkusanyiko wake, kwa kuwa maji hupungua na kemikali hubaki. Mtoto mchanga wa chini ya miezi sita asitengenezewe maziwa ya kopo kwa maji yenye naitreti nyingi, hata yakiwa yamechemshwa.

Kwa kemikali, mashine ya RO, inayosukuma maji kupitia utando wenye vitundu vidogo mno, ndiyo inayoongoza, kwani utando wake hupunguza floraidi, naitreti, risasi, chumvi na sehemu kubwa ya aseniki. Gharama zake zijulikane mapema: huhitaji msukumo mzuri au pampu yake yenyewe, mara nyingi humwaga maji mengi kuliko yale inayosafisha, na utando wake huharibiwa na klorini, hivyo lazima itanguliwe na kichujio cha mkaa. Palipo na aina ya aseniki iitwayo aseniki tatu, utando pekee huikosa kwa kiasi kikubwa. Uliza maabara ni aina gani iliyopo. Tatizo likiwa floraidi peke yake, mkaa wa mifupa au alumina amilifu (punje za madini zinazonasa floraidi) unatosha, mradi ubadilishwe unapochoka, na hilo halionekani kwa macho wala kwa ladha bila kupima.

Kichujio cha mkaa peke yake huondoa harufu, ladha ya klorini na baadhi ya viuatilifu. Kwa risasi, kubali kile tu kilichothibitishwa chini ya NSF/ANSI 53, kiwango cha Marekani cha ubora wa vichujio, kwa sababu kiwango cha NSF/ANSI 42 huhusu zaidi ladha na harufu. Kifaa cha kulainisha maji magumu hakisafishi maji ya kunywa, hata kiuzwe kwa maneno gani.

Kifaa chochote utakachochagua, ongeza ndoo yenye mfuniko na koki, ili vikombe na mikono isiingie ndani, na uliza vipuri vyake vinapatikana wapi kabla ya kulipa. Baada ya kukitumia mwezi mmoja, peleka maabara sampuli ya maji yanayotoka kwenye kifaa chenyewe, ipimwe kwa kile kile kilichokufanya ukinunue.